Kidogo Kilichokuwa Kando ya Kikubwa

"Mtambo unaopandisha na kushusha kizingiti chake wenyewe kwa kufuata kelele haudanganyiki. Ulichokikalia kimya hakikuwapo."

Neema mwanangu, hayo ni maneno ya Mkurugenzi wetu katika ripoti yake juu ya ndege ya Rubani Ssali. Nilimjibu mbele ya tume, akaniamuru nikae. Nilimjibu kwa makala, mhariri akanirudishia karatasi zangu mkononi huku akitazama mlango, akasema, "Mzee, una familia." Leo namjibu kwa mara ya mwisho, na wewe ndiye ninayetaka usikie, kwa sababu kesho unapanda gari la Nairobi, na kutoka hapo ndege ya ng'ambo, kwenda kusoma mambo hayahaya ya rada chini ya watu wenye vitabu vizuri kuliko vyangu. Sitaki ukaanze masomo na sentensi ile kichwani.

Tena kwa mdomo nimeshindwa. Tangu Jumapili tunapishana mlangoni kama wapangaji. Mama yako anapiga pasi nguo zako hapa kando yangu, na ni yeye aliyenisukumia kalamu. "Andika," amesema. "Weye ukisema unapasua watu kichwa. Andika, mutoto asome polepole." Mambo ya sweta, chakula na kuandika anwani vizuri ameshakwambia yeye, mara nyingi kuliko inavyohitajika. Mimi nina jambo moja. Ukimaliza kusoma, tia karatasi hizi kwenye sigiri ya mama yako. Usivuke nazo mpaka wa Malaba.

Mkurugenzi amesema uongo, na ni uongo wa mtu aliyesoma, ule unaokaa ndani ya ukweli kama funza ndani ya embe. Ni kweli kizingiti chetu kilijirekebisha chenyewe. Najua, nilikitengeneza mimi. Lakini yeye hajui, au anajua na hataki kusema, kilikuwa kikijirekebisha kwa faida ya nani.

Unajua tulivyofanya kazi kituoni kabla hujaja kujifunza kwetu. Antena inazunguka, inatupa mawimbi, inangoja mwangwi. Mwangwi wa ndege unarudi umechoka, umechanganyika na mngurumo wa valvu zetu wenyewe, na mvua ya ziwani, na wale nzi wa ziwa wanaopanda kutoka majini kama moshi wa tanuri. Lazima mtu aamue: kuanzia nguvu hii kwenda juu, kengele ilie; chini ya hapo, tuite kelele. Kizingiti ni hicho tu. Tulikiweka kwa mkono, kwa kuzungusha kitufe, na tulikosea kila siku.

Alasiri moja kalooli, wale korongo wenye upara, walipanda kwa wingi kutoka kwenye majalala, wakizunguka katika hewa ya joto hadi juu kabisa. Kengele ikalia kama kanisa siku ya Pasaka. Askari wa ulinzi wakatoka mbio, wakamimina risasi angani. Kalooli mmoja akaanguka puu mbele ya gari la Kamanda. Kamanda akashuka, akamgeuza kwa kiatu, akaniita.

"Fundi! Hii ndio adui yako? Iko na kombati? Iko na cheo?"

"Hapana, afande. Rada haijui kutofautisha..."

"Mimi hapana taka kengele ya bure. Ikilia tena namna hii, wewe utakula hii nyama, na manyoya yake."

Tulimcheka alipokwisha kwenda, tukajifunga mdomo kwa viganja. Lakini usiku ule sikulala kwa hofu, na kutokana na hofu ile nikatengeneza kisanduku. Sikuvumbua kitu. Nilisoma wazo lake katika jarida la wahandisi nililoletewa na Mhindi mmoja, rafiki yangu, kabla Wahindi hawajafukuzwa. Mhunzi wa mtaa wa Katwe akanifulia kasha kwa bati la debe la mafuta. Kazi yake ilikuwa rahisi kueleza: kwa kila kipande cha anga, kisanduku kinatazama vipande jirani, kushoto na kulia, kinachukua wastani wa kelele yao, kinaupandisha kidogo, na hapo ndipo kinapoweka kizingiti cha kipande kile. Majirani wakipiga kelele, kizingiti kinapanda. Wakitulia, kinashuka. Kalooli walipanda tena mwezi uliofuata, na kengele ikanyamaza. Kamanda alinipa mkono. Nilirudi nyumbani Mengo nikitembea katikati ya barabara.

Sasa sikiliza kitu ambacho jarida lilikisema wazi, nami nikakisoma mbiombio kama mtu anayepita maneno madogo chini ya mkataba. Kisanduku kina ahadi moja: kwamba kengele za bure hazitazidi kiasi fulani, kelele iwe kubwa au ndogo. Ni ahadi kwa yule anayeudhiwa na kengele. Aliye angani hakuahidiwa kitu. Kelele ikipanda, kisanduku kinalinda usingizi wa Kamanda, na gharama yake inalipwa na mwenye mwangwi mdogo.

Hivyo ndivyo alivyolipa Ssali. Ulikuwapo, lakini nataka ulione tena kwa jicho la fundi, si kwa jicho la mtu aliyetishwa.

Mvua ilikuwa imefunika ziwa. Jeshi lilikuwa limeegesha lori lake la redio kando ya kituo, na mawimbi yake yalimwagika ndani ya vipokezi vyetu hata sauti za marubani zikawa mkwaruzo mtupu. Ndege kubwa ya mizigo ya jeshi ilikuwa inaingia. Nyuma yake kidogo, bila sisi kujua, Ssali alikuwa anarudi kutoka kupeleka dawa visiwani, katika kile kindege cha injini moja. Alikuwa anatuita, na lori lilimmeza. Kilichobaki cha kusema kwamba yupo kilikuwa mwangwi wake.

Kisanduku kilifika kwenye kipande alichokuwamo, kikatazama majirani ili kujua kelele ni kiasi gani. Na jirani mmoja alikuwa ndege ya jeshi! Kisanduku hakijui cheo, hakijui mzigo. Kilichukua mwangwi wa lile dude kubwa, kikauhesabu kuwa kelele, kikaongeza na mvua, kikaongeza na lori, kizingiti kikapanda kama ukuta wa gereza. Mwangwi wa Ssali ukabaki chini yake. Haukuwa dhaifu kuliko siku nyingine. Ulikuwa na jirani mbaya.

Wewe ulikuwa umekaa kwenye kioo cha rada cha zamani, kile kisichopita kwenye kisanduku, ambacho tuliwaachia wanafunzi wajizoeze macho. Ulisema, "Baba, kuna kidogo kando ya kikubwa." Nami nikasema, bila kugeuka, "Kengele haijalia." Ukasema tena, "Baba, kinakuja huku." Nikasema, "Neema, hiyo ni mvua." Ulikitazama kikifika upande wa visiwa vya karibu, kikafifia juu ya maji, bila mtu wa kukiongoza katika mvua ile.

Mambo haya hayajawahi kuwa siri yangu. Niliyasema mbele ya tume kwa sauti iliyosikika hadi getini, na ndiyo maana leo natengeneza redio za watu Katwe, kati ya wapiga masufuria. Nilimwambia Mkurugenzi: nileteeni kisanduku hapa, nitawawekea mwangwi mkubwa na mdogo pamoja, mtaona mdogo ukipotea mbele ya macho yenu. Akatabasamu lile tabasamu lake la chuo kikuu. "Bwana Fundi anataka kutuchezea kiinimacho," akasema, na wanajeshi waliokaa ukutani wakacheka kwa utiifu. Kisha akasoma hitimisho lake. Mtambo haukutangaza ndege yoyote. Kwa hiyo hakuna ndege iliyorudi. Kwa hiyo Rubani Ssali amevuka mpaka na mali ya serikali.

Ona jinsi "kwa hiyo" moja inavyobeba nyingine mgongoni! Kimya cha mashine kikawa ushahidi, ushahidi ukawa kosa, kosa likapewa jina la marehemu. Na hakuna aliyetuma mtumbwi hata mmoja kutafuta, maana mtu hatafuti majini aliyetorokea nchi kavu.

Mke wa Ssali ndiye aliyerithi hukumu ile. Mama Babirye ametolewa katika nyumba ya serikali, vyombo vikatupwa nje, na vijana wa usalama wanamzuru kumuuliza mumewe ameandika kutoka wapi. Sasa anakaanga muhogo Kamwokya, nyuma ya soko. Nilikwenda kumwona. Wateja wawili waliponitambua waliondoka bila kuchukua chenji. Aliniwekea kigoda, na kwa Kiswahili chake cha shida akaniuliza:

"Mzee, watu nasema bwana yangu kimbia. Bwana yangu hata soko naogopa kwenda peke yake, mimi ndio napeleka yeye. Sasa yeye takimbia na ndege?"

"Hakukimbia, mama."

"Wewe najua?"

"Najua jinsi mashine ilivyokosea."

"Mimi siuliza masini." Aligeuza muhogo kwenye mafuta. "Mtoto yako nakaa pale. Mtoto naona nini?"

Nilisimama nikaaga, kwa sababu asubuhi ileile ulikuwa umeitwa ofisini kwa watu wa usalama. Nilipofika nyumbani ulikuwa umekaa ukingoni mwa kitanda, pasipoti mapajani. Walikuwekea karatasi mbili mezani, moja ya ruhusa ya masomo, nyingine inayosema kwamba siku ile hukuona chochote kwenye kioo. Ukazitia saini zote mbili.

Hapo ndipo nilipokuita kisanduku. Nilisema, "Nimezaa kisanduku kingine, hiki hakikuhitaji hata mhunzi." Nilisema mengine pia. Majirani walizima redio ili wasikie. Mama yako aliniondoa kwa nguvu mlangoni kwako. "Ni weye ulimuzaa peke yako?" aliniuliza. "Ni weye ulikaa mbele ya wale watu na miaka kumi na tisa? Weye ulisema kweli, ukarudi na mbavu zimevunjika. Ulitaka na yeye arudi namna ile?"

Mtu wa aina yangu akishindwa hoja hukasirika zaidi. Nimebishana na maaskofu, na mashehe, na wahariri, na yule mwalimu wa Mengo anayedhani kila kitu kiliharibika siku Mfalme Kabaka alipoondoka. Nimeshinda mara nyingi. Sasa nimefika umri wa kuona kwamba nilidhani kushinda mabishano ndio ushujaa wote, na nilitaka binti yangu afe vizuri ili hoja yangu isimame. Hiyo ni hesabu mbovu kuliko ya Mkurugenzi.

Basi nikarudi kwenye ufundi, ambako huwa nina akili. Nikajiuliza: kipokezi kinachomwagiwa mawimbi ya adui kifanye nini? Kikibaki na kizingiti cha chini, kitalia mfululizo, kitajaa, kitaungua. Lazima kipande. Kupanda si aibu. Wewe ulikuwa ndani ya kelele ambayo haikumwacha mtu, ukapandisha kizingiti, ukaokoka. Nilikosea kukutukana. Ulifanya alichofanya kila mtu wa mji huu, pamoja na mimi ninayejidai.

Kumbuka nyumba yetu. Risasi za kwanza ziliposikika upande wa Lubiri, jumba la Kabaka, mama yako aliacha chungu kikaungua. Tulilala sakafuni, wewe katikati yetu. Siku hizi zikilia anafunika chungu tu, vumbi lisiingie. Yule karani wa nyumba ya tatu alipochukuliwa ndani ya buti la gari, mtaa mzima ulikwenda kukaa na mkewe. Alipochukuliwa muuza viatu, tulikwenda wachache. Alipochukuliwa yule kijana wa posta nilisikia mlango, nikasikia gari, nikageuka upande wa pili. Hakuna aliyeniamuru kugeuka. Nilikuwa nimechukua wastani wa majirani.

Ndiyo hatari yenyewe, Neema, na hutaikuta mwanzoni mwa kitabu. Kelele ikija ghafla, unajua ni kelele. Ikija polepole, inaingia kwenye wastani, na kesho wastani ule ndio unaouita ukimya. Watawala wetu si wahandisi, lakini hili wamelijua bila kusoma. Hawahitaji kuwafunga watu wote midomo. Wanahitaji tu waliokufa jana wahesabiwe pamoja na mvua.

Huko uendako watu wameshaanza kutafuta dawa. Wapo wanaomtoa kwanza jirani mwenye mwangwi mkubwa kuliko wote, ndipo wanapiga wastani wa waliobaki. Wengine wanaacha nafasi tupu kando ya kipande, ili kitu chenyewe kisije kikajihesabu kuwa kelele yake. Jifunze hayo vizuri kuliko mimi. Na kila watakapokuletea mtambo unaosifiwa kwamba hausumbui, uliza haumsumbui nani. Mimi sikuuliza, maana nilikuwa nimepewa mkono na Kamanda.

Lakini kuna jambo hata wao wanalichukulia kama linajulikana, nami nimelisahau kwa jinsi mji huu ulivyo. Kizingiti kinachojirekebisha kinashuka pia. Kinachopanda na kubaki juu hata kelele ikiisha hakijirekebishi, kimekwama. Nimesikia habari za wenzetu waliokimbilia ng'ambo. Wamefika kwenye ukimya, wana chakula, wana ufunguo wa mlango wao, na bado wananong'ona. Ukiwauliza habari za nyumbani wanasema hawakuona kitu, na sasa hakuna aliyewawekea karatasi mezani.

Mama yako amesimamisha pasi. Nimemsomea hadi hapa, maana ninachotaka kukuomba kitatufikia sisi tuliobaki. Nimemwambia: mtoto akisema, watajua, wakijua, watakuja hapa. Amelikunja lile gauni lako la kijani. Kisha amesema, "Kwetu Bukavu watu walikufa, wote tukasema hatukuona. Tukabeba masufuria, tukafika hapa. Na hapa pia hatukuona. Sasa tutabeba masufuria tuende wapi tena? Mutoto aseme. Lakini afike kwanza."

Basi ufike kwanza. Askari wa vizuizini uwajibu kwa upole, hata mjinga akikuuliza upuuzi. Usiandike chochote kutoka Nairobi, kule kuna masikio mengi yanayolipwa na watu wa huku. Ukishakuwa ng'ambo, barua yako ya kusema uliloona iende kwa mjomba wako Bukavu, yule anayeleta vitenge. Yeye atajua kuifikisha Kamwokya kwa Mama Babirye. Nakala nyingine uwape wanaochunguza ajali za ndege huko, pamoja na mchoro wa kisanduku, ambao unaujua kwa moyo. Sijui kama tutaonana tena. Nikikosea katika hilo nitafurahi sana, na unajua nisivyopenda kukosea.

Wenzako utakaokaa nao darasani, wale wanaochora vizingiti kwenye karatasi safi na hawajawahi kusikia kengele ikinyamaza vibaya, wasimulie habari za Ssali kabla hawajatengeneza visanduku vyao. Watake waandike juu ya kila kimoja, kwa herufi za kusomeka, kinaficha nini.

Na wewe, Neema, ukifika, lala ushibe usingizi. Kula. Sikiliza ukimya wa pale mpaka uamini kuwa ni ukimya. Kisha shusha kizingiti. Keti uandike kwa mkono uleule uliotia saini: niliona kidogo kando ya kikubwa, na kilikuwa kinakuja nyumbani. Mrudishie Mama Babirye mume wake.